Mapenzi Yenye Kalamu: Maisha ya Wachora Katuni wa Ridhaa Nchini Japani

Miongoni mwa wapenzi wa hadithi za katuni, ambao siku hizi ni umma mkubwa uliotapakaa duniani kote, wamo watu wa namna ya pekee ambao kuisoma hadithi hadi ukurasa wa mwisho hakuwatoshi. Pale ambapo msomaji mwingine hufunga kitabu na kwenda zake, wao ndipo hushika kalamu, wakamchora upya kwa mkono wao yule shujaa waliyempenda, wakamtia katika visa ambavyo mtungaji wake hakupata kuvisimulia, wakamrudishia ndugu aliyempoteza vitani, au wakamketisha tu penye chakula cha jioni pamoja na hasimu wake wa jana. Hawakuajiriwa na mtu kwa kazi hiyo, na aghalabu hawapati ujira. Mchana ni makarani, wauguzi, walimu, wauza duka na wanafunzi, na usiku unapoingia ndipo huwa wachoraji. Uraibu huu umo katika nchi nyingi, walakini hakuna nchi ambayo umeota mizizi na kujipatia kanuni na adabu zake kama Japani, na kwa sababu hiyo huko ndiko inakotupasa kuutazama, tupate kujua watu hawa wanaishije, wanafanya nini, na kazi yao ina thamani gani.

Na mtu asije akadhani kwamba kuifuata michoro ya mwingine ni kazi ya wasio na akili ya kubuni. Osamu Tezuka, aliyezaliwa mwaka 1928 na kufariki mwaka 1989, ambaye Wajapani humtaja kwa taadhima kuwa ndiye aliyeziwekea misingi katuni zao za kisasa, alianza kwa njia hiyo hiyo. Baba yake alikuwa na mashine ndogo ya kuonyeshea sinema nyumbani, na kwa mashine hiyo mtoto alizitazama katuni za Walt Disney, zikamteka moyo, akawa anayajaza madaftari yake michoro. Na hata alipokwisha kuwa mtu mzima mwenye jina, filamu ya Bambi ilipofika Japani mwaka 1951, aliitazama mara nyingi kupita kiasi, ambazo mwenyewe alizikadiria kuwa zaidi ya 80, kisha mwaka uliofuata akaitoa hadithi hiyo katika kitabu cha katuni kilichochorwa kwa kalamu yake. Yale macho makubwa maangavu, ambayo leo ulimwengu mzima huyatambua kuwa ni alama ya katuni za Kijapani, kwa sehemu kubwa yametokana na huba hiyo ya ujanani. Na mwaka ule ule wa 1952 ndipo alipoanza kumchora Atom kuwa shujaa mkuu wa hadithi, mtoto wa chuma mwenye moyo wa binadamu, ambaye tarehe 1 Januari 1963 aliingia katika televisheni na kufungua mlango wa katuni zote zilizomfuata.

Mfano wa Tezuka uliwasha moto katika nyoyo za vijana wa mijini na wa mashamba, na maadam gharama ya kupiga chapa ilikuwa juu ya uwezo wao, walitafuta njia iliyotaka subira badala ya fedha. Shotaro Ishinomori, aliyekuwa bado mwanafunzi wa sekondari katika mkoa wa Miyagi, mbali na makao ya wachapishaji, aliwakusanya kwa njia ya barua vijana wenziwe wa sehemu mbalimbali, wakatengeneza jarida ambalo kila toleo lake lilikuwa na nakala moja tu, yaani michoro ya asili yenyewe iliyofungwa pamoja, likapita kwa posta kutoka kwa mwanachama huyu hadi kwa yule. Uaminifu uliotakiwa hapo si mdogo, kwani kifurushi kingepotea njiani au kingelowa mvua, kazi ya miezi ya watu wengi ingekwenda pamoja nacho na isingepatikana tena. Nakala hiyo ilipofika mbele ya macho ya Tezuka, yeye hakusita kumwita yule kijana aje kumsaidia kazi, na Ishinomori naye akaja kuwa ustadhi mkubwa, mtungaji wa Cyborg 009 na wa Kamen Rider.

Vijitabu vinavyotolewa na wapenzi kwa gharama zao wenyewe, bila ya mchapishaji wa biashara, Wajapani huviita dojinshi. Vingine vina hadithi mpya kabisa, na vingine, ndivyo tunavyovizungumzia hasa hapa, hujengwa juu ya hadithi mashuhuri za watu wengine. Kwa muda mrefu vilipita mikononi mwa marafiki na wanachama wa vyama vya shuleni, hata kikatokea kikundi kidogo cha vijana wahakiki, mmoja wao akiwa Yoshihiro Yonezawa, ambao hawakuridhishwa na mkutano mkubwa wa wapenzi wa katuni wa zama zile kumfungia mlango mshiriki aliyeukosoa. Wakaazimu kuanzisha soko lisilomfungia mtu mlango. Na tarehe 21 Desemba 1975, katika ukumbi wa kukodi mjini Tokyo, lilifunguliwa Soko la Katuni, ambalo kwa mkato huitwa Komiketi, likiwa na vikundi 32 vya wachoraji na watu wapatao 700, wengi wao wasichana wa shule waliokuwa wakizipenda hadithi za kike za wakati ule.

Kutoka mwanzo huo mdogo soko lilikua kwa kasi ambayo waasisi wake hawakuitazamia. Katikati ya miaka ya 1980 wimbi kubwa liliinuliwa na hadithi ya mpira wa miguu ya Yoichi Takahashi, iliyoanza kutoka mwaka 1981, ya mtoto Tsubasa, ambaye wasomaji wetu walioko Maskati na Ghuba wanamjua kwa jina la Kapteni Majid. Wasichana kwa maelfu walishika kalamu kuuchora urafiki na uhasama wa wachezaji wale, mambo ambayo mtungaji, kwa kuwa shughuli yake ilikuwa ni mechi, aliyapitia upesi. Tangu mwaka 1996 soko kwa kawaida limefanyika mara mbili kwa mwaka, Agosti na Desemba, katika majumba makubwa ya maonyesho yaitwayo Tokyo Big Sight, kando ya ghuba ya Tokyo. Na mwezi wa Desemba 2019, kwa muda wa siku nne, mahudhurio yalifika 750,000, kabla ya maradhi ya korona kulilazimisha soko la mwaka 2020 kufutwa.

Basi tumtwae mmoja wa hao wanaopanga vijitabu vyao mezani, awe mfano wa maelfu, tuyatazame maisha yake. Asubuhi yumo ndani ya gari moshi pamoja na umati uendao kazini, na katika kijidaftari kisichozidi kiganja anachora mikono ya abiria walioshika vipete vya juu, kwani mikono ndiyo inayowashinda wachoraji wengi, naye ameazimia isimshinde. Wakati wa chakula cha mchana humwambia mwenziwe wa siri, mpenzi wa hadithi ile ile, kisa kilichomjia usiku uliopita, na wote wawili hukipima kwa mizani kali: je, shujaa huyu tumjuaye angeweza kweli kusema neno hili? Hapo ndipo ilipo adabu kubwa ya fani hii, ambayo mtazamaji wa nje huikosa. Mchoraji wa ridhaa ana uhuru wa kubuni tukio lolote, lakini wasomaji wake wanamjua mhusika tangu utotoni, na wakiona tabia yake imepotoshwa bila sababu hawatamsamehe. Kwa hiyo husoma na kusoma tena kitabu cha asili, akichunguza jinsi mhusika anavyokaa kitini, anavyokasirika, anavyofunga viatu, hata mwisho humjua kama mtu amjuavyo nduguye wa tumbo moja. Siku ya kuzaliwa ya mhusika ikifika, nayo huandikwa katika kalenda za wapenzi wote, huahirisha mengine yote ili amchoree picha ya hidaya.

Usiku, vyombo vikisha kuoshwa, meza ile ile ya chakula hugeuka kuwa meza ya kazi. Kwanza hugawa kisa chote katika kurasa kwa michoro ya haraka, akipima kila ukurasa uwe na visanduku vingapi, na hasa neno lipi liangukie mwisho wa ukurasa wa kushoto, kwa sababu vitabu vyao husomwa kutoka kulia kwenda kushoto, na hapo mwisho ndipo msomaji anapogeuza karatasi. Jambo la kushtusha likiwekwa kabla ya kugeuza, limepotea, na likiwekwa baada yake, linampiga msomaji moyoni. Kisha hutandika karatasi nene iliyopigwa mistari ya buluu hafifu, rangi ambayo haionekani katika chapa, akachora kwa penseli, na juu ya penseli akapitisha wino mweusi kwa kalamu ya nibu. Nibu hiyo ni ya chuma chepesi kinachonepa: mkono ukiilemea, ncha mbili hufunguka na mstari unakuwa mnene, na ukiinyanyua, mstari unakonda hata kufikia wembamba wa unywele, na katika kulemea huko na kunyanyua, shavu hupata uduara wake, na upepo huonekana katika nywele. Chini ya kiganja huweka kipande cha karatasi safi, kwa kuwa majira ya kiangazi huko Tokyo yana joto lenye unyevu na jasho huharibu wino. Na wino haufutiki kwa raba kama penseli, bali ukikosewa hupakwa rangi nyeupe na kuanzwa tena.

Kivuli nacho kina ustadi wake. Wachoraji wa zamani, na baadhi ya wa leo wasiotaka kuiacha njia hiyo, hutumia utando mwembamba wenye gundi uliopigwa vitone vidogo sana, ambao huwekwa juu ya mchoro, ukakatwa kwa kisu chembamba kufuata umbo la nguo au ukuta, ukasuguliwa hadi ushike. Kisha kwa ncha ya kisu hicho hicho vitone hukwanguliwa taratibu, na mahali pa kijivu huzuka wingu, au mwanga wa taa katika mvua. Siku hizi walio wengi hufanya hayo juu ya kibao cha kielektroniki kwa kalamu isiyo na wino, kwa programu za kompyuta zilizobuniwa huko huko Japani, na kosa hufutwa kwa kugusa mara moja. Lakini mashine haikumpunguzia mchoraji kazi ya kuona: bado ni yeye anayepaswa kujua mabega ya mtu aliyehuzunika huangukaje, na ujuzi huo hauuzwi dukani pamoja na kibao.

Kinachomsumbua kuliko yote ni muda. Zipo matbaa nchini Japani zilizojifunga kuwahudumia wachoraji wa ridhaa peke yao, na kila moja hutangaza siku ya mwisho ya kupokea kurasa. Anayewahi hupunguziwa bei, anayechelewa hulipa ziada, na anayepitwa kabisa hana budi kwenda kunakili kurasa zake kwa mashine ya dukani usiku wa kuamkia soko, akazikunja na kuzibana kwa pini sakafuni mwa chumba chake hadi alfajiri. Kurasa lazima zigawanyike kwa nne, kwa sababu karatasi ikikunjwa ndivyo inavyotaka; kwa hiyo hadithi ya kurasa 22 itapata mbili zaidi, na katika mbili hizo mchoraji humwandikia msomaji maneno yake mwenyewe, akimshukuru, akimweleza ni kipi kilichomtuma kukichora kisa kile, na akimwomba radhi kwa mapungufu.

Kupata nafasi sokoni si hakika, kwa kuwa waombaji huzidi meza, na wanaopatiwa huchaguliwa kwa kura. Aliyebahatika hupewa nusu ya meza ndefu, yaani sentimita 90 kwa 45, na viti viwili. Anapofika asubuhi huvikuta vijitabu vyake vimekwisha kuletwa na matbaa vikiwa ndani ya masanduku chini ya meza. Hulifungua la juu, akatoa nakala ya kwanza yenye harufu ya wino mbichi, akaigeuza kurasa zote kwa kicho, kwani ni hapo tu anapojua kwamba kitu kilichokaa kichwani mwake nusu mwaka kimekuwa kitu. Nakala moja huikabidhi kwa wasimamizi, nao huikagua isiwe na jambo lililokatazwa na sheria. Huwaamkia majirani wa kuume na wa kushoto na kubadilishana nao vitabu, hutandika kitambaa, huweka bei, na huhesabu chenji za kurudisha. Mlango unapotangazwa kufunguliwa, ukumbi mzima hupiga makofi, wauzaji na wanunuzi pamoja. Na kwa hakika maneno hayo mawili hayatumiki huko, kwa sababu kanuni ya Komiketi tangu zamani ni kwamba hapana mteja wala mwenyeji, kila aliyeingia ni mshiriki, na kila mshiriki ana sehemu yake ya kulitunza soko.

Kisha huja msomaji wa kwanza. Huinama, huomba ruhusa kuitazama nakala ya mfano, husoma kurasa mbili tatu amesimama, na mchoraji huyashusha macho yake asimtie haya. Pengine msomaji huirudisha nakala kwa adabu na kuondoka. Pengine hutoa sarafu, na kabla ya kwenda husema kwamba kijitabu cha mwaka uliopita alikisoma katika siku zake za ugonjwa na kilimfaa. Mara nyingi fedha zitakazopatikana hazitalipa chapa, kodi ya meza na nauli, na hilo linajulikana na kila mtu tangu mwanzo. Lakini ni wapi tena mtunzi awezapo kuitia kazi yake mkononi mwa msomaji, wakatazamana uso kwa uso?

Hata hivyo lipo suali ambalo mtu mwadilifu lazima aliulize: je, huku si kula mali ya mwenzio? Sheria ya Japani inamlinda mwenye hadithi, na kumchora mhusika wake bila ya idhini na kumuuza kunaweza kuwa kosa. Lakini kwa kawaida kosa la namna hii halishtakiwi ila mwenye haki mwenyewe alalamike, na wenye haki wengi wamechagua kunyamaza. Uvumilivu huo si ahadi. Mwaka 1999 mchoraji mmoja aliyeuza kijitabu cha wahusika wa Pokemon alikamatwa kwa mashtaka ya wenye haki, na tukio hilo liliwatia hofu wachoraji nchi nzima. Sheria ilipobadilishwa mwishoni mwa mwaka 2018, na baadhi ya makosa ya hakimiliki kuruhusiwa kushtakiwa bila ya malalamiko, watungaji wa sheria waliiweka kando kazi ya wachoraji hawa, wakijua kwamba humo ndimo watungaji wengi walimojifunzia. Na kabla ya hapo, mwaka 2013, Ken Akamatsu, mchora katuni maarufu aliyewahi mwenyewe kukaa nyuma ya meza za Komiketi, alishiriki kuleta alama maalumu ambayo mwenye hadithi huiweka kitabuni kuwajulisha wapenzi kwamba amewaruhusu. Nao wachoraji kwa upande wao wana miiko: hawanakili kurasa za asili, hawadai kwamba wahusika ni wao, na hawauzi kwa wingi wa kumkatia mwenye mali riziki yake.

Sisi watu wa mashairi hatupaswi kuliona jambo hili geni. Mshairi wa pwani aliyelipenda shairi la mwenziwe alilitungia takhmisa, akiongeza mishororo mitatu yake mbele ya miwili ya asili, kwa mizani na vina vinavyoafikiana. Ndivyo alivyofanya Sayyid Abdallah bin Ali bin Nasir, mtungaji wa Al-Inkishafi, juu ya shairi linalonasibishwa na Fumo Liyongo. Hapana aliyemwita mwizi, kwani kila msikilizaji alijua ipi ni sauti ya Liyongo na ipi ni ya Sayyid, na heshima ya wa kwanza ilizidi kwa kazi ya wa pili. Mpaka kati ya mapenzi na wizi umo humo: mpenzi hutangaza deni lake, na mwizi hulificha.

Watetezi wa uraibu huu hupenda kuyataja majina ya waliotoka humo wakapaa, na majina hayo yapo. CLAMP, kundi la wanawake lililoanza katika miaka ya 1980 kwa kutoa vijitabu vya ridhaa, lilivuka likaingia katika uchapishaji mkubwa mwaka 1989, na hadithi zake, kama Cardcaptor Sakura, zimesomwa dunia nzima. Lakini mimi nasema kwamba hoja hiyo, ingawa ni ya kweli, haifiki kwenye kiini. Kwa kila mmoja aliyepata jina wapo maelfu ambao hawatalipata, wala hawalitafuti, ambao watachora hadi uzeeni na kesho yake kuamkia kazini kama kawaida. Na ikiwa thamani ya kazi yao ni kuwa ngazi ya kupandia umaarufu tu, basi maisha yao yote ya kalamu yangekuwa hasara, nayo si hasara hata kidogo. Wamejifunza kutazama kwa makini, wamezoea kukimaliza walichokianza, na wamepata marafiki ambao bila ya kalamu wasingekutana nao. Walipokea hadithi wakiwa watoto, wakaona kuwa kupokea peke yake hakutoshi.

Yonezawa, aliyeliongoza soko hilo tangu mwaka 1980 hadi alipofariki mwaka 2006, aliacha mkusanyo mkubwa mno wa vitabu na majarida ya katuni, na mwaka 2009 Chuo Kikuu cha Meiji kilifungua mjini Tokyo maktaba yenye jina lake. Humo, pamoja na vitabu vya mabingwa, msomaji huweza kuomba aletewe vijitabu vilivyopita katika meza za Komiketi, kazi za watu ambao majina yao halisi hayajulikani na mtu. Navyo hutunzwa kwa namba na kwa rafu, kama zinavyotunzwa kazi za wakubwa. Huo ni uamuzi wa haki, na nchi yoyote inayojali sanaa zake ingefanya vyema kuufuata: mtu aliyeipenda hadithi hata akaitolea usiku wake, macho yake na fedha zake, amekwisha kuwa miongoni mwa walioijenga hadithi hiyo.